Tundu la Nane

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha nje ya geti la chuo, boksi la vifaa kifuani, chuo kimefungwa, na mimi, mwalimu wa ufundi wa redio na televisheni kwa miaka kumi na tisa, nimeambiwa niende nyumbani nikapumzike. Wengi mmeniuliza kama nilipumzika.

Sikupumzika. Mke wangu alinipa kazi.

"Mwalimu," aliniambia. Ananiita hivyo tangu uchumba, na ukitega sikio unajua siku ananiheshimu na siku ananicheka. Siku hiyo aliniheshimu. "Nimepata ajira. Kupokea simu za wateja, hapahapa sebuleni. Ila wanataka intaneti isiyokatika. Jumatatu ya mwisho wa mwezi wanaipima. Ikifaulu naanza. Isipofaulu, nafasi anapewa mwingine."

"Hesabu umeshafaulu."

"Sijasema mimi nipimwe. Nimesema intaneti."

"Mke wangu, unaongea na mtu mwenye stashahada."

Stashahada ile! Ningekuwa sina, ningemuuliza jirani anatumia nini, nikachukua hiyohiyo, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Nilinunua daftari, nikalipiga mistari kwa rula. Kwenye jengo letu kulikuwa na njia tatu za kupata intaneti: dishi la paani, ruta ya laini ya simu, na waya wa kampuni unaopita barabarani. Mtu mwenye akili za kawaida anachagua kwa siku moja. Mimi nilichukua wiki tatu.

Nilipanda ghorofa ya nne kwa makanika mwenye dishi.

"Mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Mvua? Mwalimu, hata wingu likipita tu, tunaanza kutazamana na mke wangu."

Nikaandika. Nikashuka chini kwa mshonaji mwenye ruta ya laini.

"Asubuhi inakimbia kama imeiba. Watu wakirudi kutoka kazini, inakaa chini kabisa, inakuangalia."

Sikumwamini kwa maneno. Nilikaa kwenye benchi lake siku nne na saa yangu ya mkononi, nikipima kila nusu saa, mpaka wateja wakaanza kunipa suruali za kupunguza.

Waya ndio ulioshinda. Haujali wingu, haujali nani karudi kutoka kazini. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna kifuniko, kila aliyepita kwenye ngazi nilimsomea daftari.

"Mwalimu, na mimi nichukue ipi?"

"Waya, ndugu yangu. Usihangaike. Hangaiko lote nimekumalizia."

Nilijiona daktari wa jengo zima. Watu walinipigia saluti kwenye korido.

Wa mwisho kumhubiria alikuwa Metroni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa metroni wa bweni la wasichana miaka thelathini, akastaafu, lakini bweni halikumtoka. Anatembea na funguo kiunoni na anakutazama kucha kabla ya uso. Nilimbebea kikapu chake mpaka juu, nikimweleza dakika arobaini nzima.

"Kwa hiyo waya," akasema.

"Waya, mama. Ningekuwa wewe ningeenda leo."

Akaenda leo.

Kesho yake nikamleta fundi wa kampuni mbele ya kile kisanduku cheusi kilichopigiliwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Akakifungua, akakifunga.

"Yamejaa."

"Nini kimejaa?"

"Matundu. Kisanduku kina matundu manane, kila nyumba tundu moja. La nane nimelichomeka jana, kwa yule mama wa funguo."

"Sasa sisi?"

"Nyinyi wa kwanza kwenye foleni. Kisanduku kingine kinakuja baada ya wiki sita." Akakuna kichwa. "Jengo hili lilikuwa limelala kabisa, Mwalimu. Sijui nani kawaamsha wote kwa mkupuo."

"Wala mimi sijui," nikasema.

Zilibaki siku tano kupimwa.

Hapa ndipo mwanaume mwenye haya angeingia ndani, akamwambia mkewe, "Nimechelewa, nimekosa." Nilifika mlangoni na maneno hayo. Nikamkuta amepanga meza, amefuta kiti, ameandika kwenye karatasi namna atakavyowasalimia wateja, anajifunza mbele ya kioo.

"Vipi, Mwalimu, umepata?"

"Tayari," nikasema. "Wanaleta."

Nikageuka, nikaenda kugonga kwa Metroni.

"Unataka waya wangu utoboe ukuta uingie kwako," alisema baada ya kunisikiliza.

"Wiki sita tu, mama. Mke wangu asikose kazi. Na nitachangia..."

"Pesa zako sizitaki. Simama wima."

Nikasimama wima. Miaka hamsini na moja.

"Magoti yangu yamechoka. Nataka mtu wa kupiga deki kila siku na kushusha takataka. Na hicho kicheko chako kinachovuka ukuta asubuhi mpaka jioni, sikitaki. Ukicheka, nachomoa."

"Kicheko ndicho nilichobaki nacho, mama."

"Basi nacho utakiacha hapo mlangoni."

Nilitoboa ukuta nyuma ya kabati la nguo, nikapitisha waya, nikarudisha kabati. Jumatatu wakapima. Ikafaulu. Mke wangu alirukaruka, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Nilijua tu! Nina mume fundi!"

Pale pangefaa kusema. Wapenzi wasomaji, niliyaona maneno yamejipanga mstari kabisa. Nikayameza, nikasema, "Kawaida tu."

Kuanzia hapo kila asubuhi nilivaa shati la mikono mirefu, nikafunga tai, nikachukua bahasha ya vyeti.

"Naenda kutafuta kazi."

"Mungu akutangulie, mume wangu."

Nilitembea hatua tano. Metroni anafungua, mimi navua tai, nashika dekio.

"Chini ya kitanda umepita?"

"Nimepita, mama."

"Na hiki?" Anaokota uzi, anauinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu aliyeshika ushahidi. "Wasichana wa miaka kumi na mbili walinidekia vizuri kuliko wewe. Na walikuwa wanalia."

Siku ya sita ndiyo nilipocheka. Sikukusudia. Aliniambia, "Wewe ukideki maji yanakuonea huruma," na nikacheka kabla sijajizuia.

Alikwenda kwenye ruta, akachomoa.

Kupitia ukutani nikamsikia mke wangu: "Haloo? Mteja wangu, unanisikia? Haloo?"

"Mama, nakuomba."

"Bado unacheka?"

"Sicheki."

"Piga magoti, malizia pale kwenye kona. Ukimaliza nitarudisha."

Nilimaliza ile kona kwa dakika nne, huku nikimsikia mke wangu anaita "haloo" mpaka sauti ikaanza kutetemeka.

Mchana nikarudi na bahasha yangu. Nikamkuta ameshika kichwa.

"Wamenipa onyo, Mwalimu. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Kukatika bila taarifa mara moja, onyo. Mara ya pili natoka. Kwa nini ilikatika?"

"Upepo."

"Waya umepita ndani ya ukuta. Upepo gani?"

"Kuna upepo wa ndani."

Nilijifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Wiki ya tatu wakamhamisha. Akaja kunipa habari akicheka: "Nilikuwa napokea simu za wauza friji, sasa wamenipa wateja wa intaneti. Kampuni yetu hiihii ya waya! Siku nikisikia jirani analalamika, nitajua namna ya kumtuliza."

Nilitabasamu hadi taya likauma. Nikajipa moyo kwamba wapokea simu wako zaidi ya mia, na mtu mbaya kama Metroni hana haja ya kupigia huduma kwa wateja. Anaowakaripia wako karibu.

Jumatano, muda mfupi kabla ya adhuhuri, nilikuwa nyumbani. Metroni aliniachia mapema. Nilikuwa napiga pasi blauzi ya mke wangu kimyakimya, maana masharti ya kazi yake ni kwamba asisikike mtu mwingine chumbani. Yeye yuko mezani, visikilizio masikioni, simu moja baada ya nyingine, kwa ile sauti ya kazini, nyembamba na tamu, ambayo mimi sijawahi kuletewa kwenye ndoa.

Simu ikaingia.

"Asante kwa kutupigia. Nikusaidie nini, mama?"

Na nyuma ya ukuta, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamsha wasichana mia mbili, nikasikia: "Binti, intaneti yenu inanitesa!"

Pasi ikabaki hewani.

Mke wangu hakushtuka. Masikio yake yamefunikwa, sauti ya ukutani haimfikii. Akamwomba namba ya mteja. Ukuta ukaitaja, tarakimu moja moja. Akaiandika. Kwenye skrini ikatokea anwani: jengo letu, ghorofa yetu, mlango wa pembeni yetu.

Akageuka, akanitazama kwa furaha, akaonyesha ukuta kwa kidole: ni jirani yetu! Nikaitikia kwa kichwa. Sijui sura yangu ilikuwaje.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Picha inaganda," ukasema ukuta. "Kila siku saa sita mjukuu wangu ananipigia kwa video. Yuko mbali, amezaliwa hukohuko, ana miaka sita, hatujawahi kugusana. Jana alitaka kunionyesha jino lililong'oka, akaganda mdomo wazi, basi. Nimekaa nautazama huo mdomo wazi nusu saa."

"Pole sana, mama. Nikuulize, kuna mtu wa nje ya nyumba yako anayetumia laini hii?"

Nilimwomba Mungu Metroni adanganye. Lakini yule mama hajui kudanganya, ndiyo maana alikuwa mkali miaka thelathini.

"Yupo."

"Nani, mama?"

"Jirani. Mwanaume mmoja bure kabisa, anajiita mwalimu. Alizungusha daftari jengo zima, watu wakachukua nafasi zote, yeye akabaki na daftari. Akaja kulia kwangu. Nimempitishia ukutani."

Mke wangu aliacha kuandika.

"Mwenyewe simhurumii, namdekisha. Kila asubuhi anakuja na tai. Nilimwonea huruma mkewe. Yule ni mchapakazi. Namsikia kupitia ukuta anavyohangaika na kompyuta yake tangu asubuhi. Kuna siku nilichomoa kwa hasira, nikamsikia anaita haloo, haloo, sikulala siku mbili; anisamehe. Kwa hiyo sitaki kumkatia yeye, binti. Nataka tu mwongeze nguvu, na mimi nimwone mtoto."

Nimewahi kutukanwa na watu wengi. Sijawahi kuumizwa kama na yale maneno mazuri.

Mke wangu akafungua ukurasa mwingine kwenye skrini. Akaandika anwani yetu. Nilikuwa nyuma yake, nikasoma pamoja naye: *Haijaunganishwa. Wa kwanza kwenye foleni.*

Hakunigeukia. Alichukua bahasha ya vyeti vyangu, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu, akaniinulia huku akisema kwenye simu, "Naangalia, mama, usikate."

*SIKU NGAPI UMEDEKI?*

Nikaishusha pasi bila kutazama, nikachukua kalamu. *17.*

*Na kutafuta kazi?*

Nilitaka kuandika "upepo". Mkono ukakataa.

Kwenye kona ya skrini ukaingia ujumbe wa msimamizi wake: *Nasikiliza simu hii. Fuata utaratibu.*

Utaratibu nilikuwa naujua, alinisomea mwenyewe siku aliyohamishwa, akaniona navutiwa sana. Anayegawa laini nje ya nyumba yake anafungiwa palepale, bila mjadala, na tundu lake anapewa wa kwanza kwenye foleni.

Nikaona mabega ya mke wangu yanatulia. Miaka kumi na tisa nimeishi na wanafunzi, najua mtu anavyokaa akishapata jibu la hesabu. Akafungua fomu ya matengenezo, akajiombea nusu saa ya kukatika kwa taarifa. Ikakubaliwa. Akafungua orodha ya mafundi. Aliye karibu: jengo la pili kutoka kwetu. Akamchagua. Mlango wa kuunganishwa: wetu.

Nikamnyang'anya bahasha. *Usifanye hivyo. Ana mjukuu. Amekusifia.*

Akaisoma. Akaandika chini yake, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *Ungechagua siku ya kwanza, nisingelazimika kufanya hivi.*

Kisha, kwa ile sauti ya asali: "Mama, nashukuru kwa kuwa mkweli. Kuna marekebisho nayafanya kwenye laini yako sasa hivi."

"Mungu akubariki, binti. Una sauti ya mtu aliyelelewa."

"Asante, mama."

Akabonyeza.

Taa ya ruta yetu ikazimika. Skrini ikasimama. Nyuma ya ukuta Metroni akaendelea kuongea na simu iliyokatika: "Haloo? Binti? Haloo?" Mara ya tatu sauti ikaanza kutetemeka.

Mke wangu alivua visikilizio, akavining'iniza shingoni, akatazama saa ya ukutani.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Unguza hiyo blauzi vizuri. Inatoa moshi."

Kweli ilikuwa inatoa moshi. Nikainua pasi. Palikuwa na alama ya kahawia ukubwa wa kiganja, mgongoni.

Mlango ukagongwa. Mara mbili, kama anavyogonga yeye.

"Mwanangu!" Metroni aliita nje. Mara ya kwanza kuniita hivyo. "Njoo mara moja uniangalizie, imezima kabisa, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa ametokea!"

Nilipiga hatua.

"Kaa," mke wangu akasema. "Nitafungua mimi."

Akafungua. Metroni alisimama pale na tableti imeegemea kifua kama sinia. Kwenye kioo kulikuwa na mtoto wa miaka sita ameganda, kidole kimevuta mdomo, pengo linaonekana.

Mke wangu akasema, kwa sauti nyembamba na tamu:

"Asante kwa kutupigia. Nikusaidie nini, mama?"

Nilimwona yule mwanamke anaelewa. Haikumchukua muda. Alitazama visikilizio shingoni, akatazama mdomo wa mke wangu, akanitazama mimi na blauzi iliyoungua mkononi. Nilingoja matusi. Nilingoja "simama wima".

"Kumbe ni wewe," akasema pole pole. "Nilikuambia yote."

"Uliniambia. Na pia uliniambia ulichomoa."

"Niliomba msamaha humohumo."

"Uliomba kwa mtu wa huduma kwa wateja, mama. Si kwangu."

Metroni akaishusha tableti, akaigeuza ili mke wangu asimwone mtoto, au mtoto asimwone mke wangu. Sijui.

Tukasikia ngazi inagonga ukuta. Fundi anapanda, jasho linamtoka, anapiga mluzi. Alipotuona watu watatu tumesimama kwenye korido akafurahi kama kakuta sherehe.

"Aisee, leo mmenipokea! Nimetumwa na mfumo, tundu la nane kulihamisha." Akatoa simu yake, akaisugua kwenye suruali. "Ila namba za milango hapa zimefutika tangu mlipopaka rangi. Nikikosea naandikiwa mimi. Mwenyeji athibitishe kwa mdomo." Akanigeukia mimi, meno yote nje. "Mwalimu! Wewe ndiye unayelijua jengo hili. Waya naupeleka mlango gani?"

Metroni hakuomba. Alinitazama kucha, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitazama usoni.

Mke wangu hakunitazama kabisa. Alikuwa amegeuza shingo ndani, kwenye saa ya ukutani.

"Zimebaki dakika kumi na moja," akasema.